Membreni Zisizibe: Mwongozo kwa Mafundi wa Mitambo ya Kuondoa Chumvi Unguja na Pemba

Kuanzia Nungwi na Matemwe mpaka Paje, Jambiani na Makunduchi, mahoteli na nyumba nyingi za wageni hutumia maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Maji hayo yana chumvi kwa sababu bahari iko karibu, na yana chokaa kwa sababu mvua hupita ndani ya mwamba wa chokaa kabla ya kufika kisimani. Ndiyo maana mitambo ya kuondoa chumvi kwa membreni, yaani vichujio vya ngozi nyembamba vinavyopitisha maji kwa presha na kuzuia chumvi, imeenea sana huku. Membreni ikitunzwa hufanya kazi miaka mitano na zaidi. Ileile ikiachwa izibe inaweza kufa kabla ya mwaka kwisha, na kuagiza nyingine ni gharama na ni kungoja meli.

Mafundi wengi hukimbilia kuosha kwa dawa mara maji yanapopungua. Kuosha ni tiba ya mwisho, na kila kuosha hula umri wa membreni. Kazi kubwa iko kabla ya membreni: kisimani, kwenye tangi la mchanga wa kuchujia, kwenye filta, kwenye pampu ya dawa ya kuzuia chokaa na kwenye daftari.

Mifano yote hapa inahusu mtambo mdogo wa kawaida: membreni sita za inchi 4 kwa 40 zilizofuatana, maji ghafi (ya kisima) lita 2,200 kwa saa, maji matamu (yaliyoondolewa chumvi) lita 1,100, na maji ya kutupa (yanayobaki na chumvi) lita 1,100. Mtambo wako ukiwa mkubwa zaidi, zidisha.

1. Jua kwanza ni kitu gani kinaziba

Vitu vinavyoziba membreni za visima vyetu ni vinne: tope laini, ute wa vijidudu, chokaa na kutu. Kila kimoja kina mahali pake. Tope, ute na kutu hukamatwa na membreni ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayopokea maji mwanzo. Chokaa huanza kwenye membreni ya mwisho, kwa kuwa huko ndiko chumvi imeshakolea zaidi.

Kwa hiyo, ukipata nafasi ya kufungua bomba la presha, lile lililobeba membreni, toa membreni ya kwanza na ya mwisho uziweke sambamba chini. Ya kwanza, angalia uso wake wa mbele: pitisha kidole. Ute huteleza na una harufu ya kitu kilichovunda. Tope hubaki kidoleni na halinuki. Kutu ni nyekundu au kahawia. Ya mwisho, inyanyue kwa mikono miwili. Ikiwa nzito kuliko ya kwanza baada ya zote kuchuruzika maji, na uso wa nyuma unakwaruza kidole kama msasa, hiyo ni chokaa. Kwangua kidogo, weka kwenye kisosi, dondoshea siki. Likitoka povu, ni chokaa ya kaboneti, na hiyo huyeyuka kwa asidi. Lisipotoka povu, huenda ni salfeti ya kalisiamu au silika, ambazo ni ngumu sana kuondoa. Hapo usijaribu dawa kwa kubahatisha; peleka kipande maabara.

2. Daftari kabla ya dawa

Kila asubuhi, mtambo ukishakimbia dakika 30, andika: presha kabla na baada ya filta za maikroni 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), presha ya kuingia membreni ya kwanza na ya kutoka ya mwisho, lita kwa saa za maji matamu na za maji ya kutupa, chumvi ya maji ghafi na ya maji matamu kwa mita, joto la maji, na kiwango cha dawa ya kuzuia chokaa kwenye tangi lake. Dakika kumi zinatosha.

Namba za kulinganisha ni zile za wiki ya kwanza membreni zilipokuwa mpya, au za siku baada ya kuoshwa vizuri. Linganisha kwa presha ileile, na usisahau joto: kila nyuzi moja ya joto hubadilisha maji matamu kwa takriban asilimia 3. Maji yakishuka kutoka nyuzi 29 hadi 27 wakati wa Kusi, utapoteza karibu asilimia 6 bila membreni kuwa na tatizo lolote. Wapo wanaoosha membreni safi kwa sababu hiyo tu.

Osha pale moja kati ya haya linapotokea baada ya kusahihisha joto na presha:

- maji matamu yamepungua kwa asilimia 10;
- tofauti ya presha kati ya kuingia na kutoka imepanda kwa asilimia 15;
- chumvi inayopita imepanda kwa asilimia 5 hadi 10 ya ilivyokuwa.

Chumvi inayopita ni chumvi ya maji matamu ukigawa kwa ya maji ghafi. Mita ikisoma 6,000 kwa maji ghafi na 180 kwa matamu, ni asilimia 3. Usisubiri mpaka maji yapungue kwa theluthi: uchafu ukishashindiliwa kiasi hicho, mara nyingi hautoki wote. Na tofauti ya presha isizidi bar 1 kwa membreni moja wala bar 3.5 kwa bomba zima la presha, la sivyo membreni husukumwa na kupinda ndani ya bomba lake.

3. Kisima chenyewe

Kisima kilicho karibu na ufuo hupanda na kushuka pamoja na bahari. Siku za bamvua, maji ya bahari hapa yanapopishana kwa karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa, chumvi ya kisima inaweza kubadilika sana ndani ya siku moja. Pima chumvi wakati wa kujaa na wa kupwa, siku za bamvua na siku za maji mafu, kisha chagua saa za kuendesha mtambo. Tangi kubwa la kuhifadhia maji matamu hukupa uhuru huo wa kuchagua.

Pampu ya kisima isivute zaidi ya uwezo wa kisima. Ukivuta kwa nguvu, unaita chumvi kutoka chini na mchanga kutoka pembeni. Afadhali kuvuta kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Mvua ni habari nyingine. Mwamba wa matumbawe una nyufa na mapango, kwa hiyo maji ya Masika hushuka moja kwa moja bila kuchujwa na udongo, yakibeba uchafu wa juu na wa makaro. Baada ya mvua kubwa, maji ya kisima yakibadilika rangi, zima mtambo usubiri yatulie. Sehemu nyingi za Pemba zina udongo mzito zaidi, na huko tope la mfinyanzi ndilo linalosumbua kuliko chokaa.

Kisima kikinuka yai viza, usiyapige hewa maji hayo kabla ya membreni. Gesi ile ikikutana na hewa hugeuka kuwa chembe laini za salfa ambazo hupita mchanga, hujaa kwenye membreni, na hakuna dawa ya kuosha inayoziondoa vizuri. Yapeleke kwenye membreni yakiwa yamefungwa, kisha piga hewa yale matamu baadaye ili gesi itoke.

Kupima kama maji yanafaa, tumia kipimo cha kuziba kinachojulikana kwa herufi SDI. Unahitaji karatasi ya kichujio ya maikroni 0.45 yenye kipenyo cha milimita 47, kishikio chake, na presha isiyobadilika ya bar 2.1. Pima sekunde za kujaza mililita 500. Acha maji yaendelee kupita. Dakika 15 tangu kuanza, pima tena sekunde za mililita 500. Gawa muda wa kwanza kwa wa pili, toa jibu kutoka 1, zidisha kwa 100, gawa kwa 15. Mfano: kwanza sekunde 30, kisha 48. 30 kwa 48 ni 0.625, ukitoa kutoka 1 unabaki na 0.375, mara 100 gawa kwa 15 ni 2.5. Chini ya 3 ni vizuri. Zaidi ya 5 usiyapeleke kwenye membreni. Chukua sampuli baada ya filta za maikroni 5. Ihifadhi ile karatasi kwenye daftari na tarehe yake: rangi yake inasema mengi.

4. Mchanga na filta

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni tangi la mchanga lililo dogo na linalooshwa kwa pampu dhaifu. Maji ghafi yashuke kwenye mchanga kwa mwendo wa mita 10 kwa saa. Kwa lita 2,200 kwa saa unahitaji tangi la kipenyo cha inchi 21, si la inchi 14, ambalo litayapitisha kwa zaidi ya mara mbili ya mwendo huo na kuachia tope.

Kuosha kinyumenyume kunataka mwendo wa karibu mita 40 kwa saa ili mchanga wa nusu milimita unyanyuke na kusuguana. Kwa tangi hilo la inchi 21 ni lita 9,000 hivi kwa saa. Pampu inayolisha mtambo hutoa lita 2,200 tu. Mchanga haunyanyuki hata kidogo, maji hupita katikati, na fundi akiona maji safi yanatoka hudhani ameosha. Baada ya miezi kadhaa mchanga umeshikana mabonge. Tafuta pampu ya pili. Osha dakika 10 hadi 15, mara moja kwa wiki au presha ya tangi ikipanda kwa nusu bar. Ukimaliza, maji ya dakika 3 hadi 5 za mwanzo yamwage, usiyapeleke mbele.

Kuosha huko kunatumia lita 1,500 na zaidi. Unaweza kutumia maji ya kutupa yaliyokusanywa siku hiyohiyo, kisha umalizie kwa maji ghafi. Yasikae siku nyingi tangini, maana chokaa yake itaanza kujitenga.

Filta za maikroni 5 ni mlinzi wa mwisho, hazikuwekwa kufanya kazi ya mchanga. Badilisha presha ikipanda kwa bar 0.7, au miezi mitatu ikipita, lolote litakalotangulia. Usizioshe ukazirudisha. Presha isipopanda kabisa kwa miezi, usifurahi. Fungua uangalie kama filta imekaa vizuri kwenye kiti chake au maji yanapita pembeni.

Mabomba kati ya kisima na membreni yawe ya plastiki. Kipande kimoja cha bomba la chuma kinatosha kuleta kutu mfululizo.

5. Klorini

Membreni za siku hizi, za poliamaidi (aina ya plastiki), haziivumilii klorini. Kiasi kisizidi miligramu 0.1 kwa lita, na bora isiwepo kabisa. Klorini haizibi membreni, bali huila: chumvi inayopita hupanda na maji matamu huongezeka. Ukiona maji yameongezeka bila kugusa kitu, usishukuru, pima klorini.

Hutokea hivi: mtu anamwaga klorini kisimani kuua vijidudu, au tangi la maji ghafi linachanganywa na maji ya mjini yaliyotiwa dawa. Kisima kikitiwa klorini, funga njia ya kwenda mtamboni, vuta na mwaga mpaka kipimo kionyeshe sifuri.

Kama klorini haiepukiki, iondoe kwa sodiamu metabaisalfaiti: miligramu 3 kwa kila miligramu 1 ya klorini. Maji yenye klorini miligramu 0.5 kwa lita yatahitaji gramu 3.3 kwa saa kwenye mtambo wetu wa mfano. Usizidishe kwa kujihami, kwa sababu ziada yake hula oksijeni na kufungua njia kwa vijidudu vya aina nyingine. Makaa ya kuchujia nayo huondoa klorini, ila kwa joto letu huwa kiota cha vijidudu, na ute wao huishia kwenye membreni ya kwanza.

6. Dawa ya kuzuia chokaa, na vali ya maji ya kutupa

Hapa ndipo membreni nyingi za maweni zinapofia. Ukitoa nusu ya maji kama matamu, chumvi na chokaa kwenye nusu iliyobaki hukolea mara 2. Ukitoa asilimia 67, hukolea mara 3. Ukitoa 75, mara 4.

Sasa fikiria meneja analalamika kuwa maji mengi yanamwagwa. Fundi anabana vali, maji ya kutupa yanashuka kutoka lita 1,100 hadi 550 kwa saa, na matamu yanabaki 1,100. Wote wanaridhika. Lakini kukolea kumepanda kutoka mara 2 hadi mara 3, na mwendo wa maji kwenye membreni ya mwisho umeshuka chini ya lita 700 kwa saa, kiwango ambacho membreni ya inchi 4 inakihitaji ili uchafu usitue. Katika wiki chache chokaa inaganda. Weka alama ya rangi kwenye vali mahali panapofaa, na mtu asiiguse bila kuandika daftarini.

Dawa yenyewe kwa kawaida hutiwa miligramu 2 hadi 5 kwa kila lita ya maji ghafi. Kiasi halisi kinatokana na vipimo vya maji yako: kalisiamu, alkali, pH (kipimo cha asidi na alkali), salfeti, bariamu, silika na jumla ya chumvi. Peleka sampuli maabara, mpe muuzaji wa dawa majibu, naye apige hesabu. Kiashiria cha Langelier, namba inayoonyesha kama maji yataacha chokaa, cha maji ya kutupa kisizidi +1.8 ukiwa na dawa. Bila dawa kibaki chini ya sifuri.

Kwa miligramu 3 kwa lita, mtambo wetu unataka gramu 6.6 kwa saa. Ukichanganya sehemu 1 ya dawa na sehemu 9 za maji matamu, pampu itoe karibu mililita 66 kwa saa. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha pampu. Tia mrija wa kuvuta kwenye silinda yenye alama, subiri dakika 10: ziondoke mililita 11. Fanya hivyo kila wiki, kwa sababu kiputo kimoja cha hewa kinaweza kusimamisha pampu huku taa yake inaendelea kuwaka. Usizimue zaidi ya mara 10, na mchanganyiko usikae zaidi ya wiki. Dawa iliyozimuliwa sana huota vijidudu, na hapo unalisha membreni kile unachokikimbia.

7. Mtambo ukizimwa, na umeme ukikatika

Mtambo ukisimama, maji yaliyokolea chokaa yanabaki ndani ya membreni. Dawa huishikilia chokaa kwa muda tu. Kila kuzima kufuatwe na kusuuza kwa maji matamu, presha ndogo, dakika 5 hadi 10, mpaka chumvi ya maji yanayotoka ikaribie ya yale unayosuuzia.

Umeme ukikatika ghafla hakuna atakayekumbuka. Weka tangi la maji matamu juu, na vali inayofunguka yenyewe umeme unapokosekana, ili maji yashuke kwa uzito wake. Kwa membreni sita, lita 200 hadi 300 zinatosha.

8. Kuosha kwa dawa

Andaa tangi la plastiki la lita 150, pampu ya lita 2,000 kwa saa isiyozidi bar 4, filta ya maikroni 5, kipimajoto, kipima pH, glavu ndefu na miwani. Membreni ya inchi 4 hushika karibu lita 10. Sita ni 60, ongeza mabomba na filta: tengeneza lita 100 za dawa kwa maji matamu yasiyo na klorini.

Anza na alkali, isipokuwa una hakika tatizo ni chokaa ya kaboneti au kutu peke yake. Asidi ikitangulia kwenye ute, inaushikisha zaidi.

Kwa alkali: tia kostiki soda karibu gramu 100 na sabuni ya SDS (sodium dodecyl sulfate) gramu 25 kwenye lita 100. Tia soda ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda. Ongeza kidogo kidogo mpaka pH 12, usivuke. Joto liwe 30, lisizidi 35.

1. Suuza mtambo kwa maji matamu.
2. Sukuma dawa kwa nusu ya mwendo wa hatua ya 4, upande uleule wa maji ghafi. Maji ya kwanza kurudi, na yale yenye rangi nzito, yamwage kwenye ndoo ya pembeni. Yanaweza kufika lita 20.
3. Zungusha, kisha zima na acha iloweke saa 1. Ute wa siku nyingi unaweza kuloweka usiku kucha, huku ukizungusha polepole ili joto lisishuke.
4. Zungusha kwa lita 1,800 hadi 2,300 kwa saa, dakika 30 hadi 60. Presha iwe ndogo kiasi kwamba maji matamu hayatoki. Yakitoka kwa wingi unashindilia uchafu badala ya kuung'oa.
5. Suuza kwa maji matamu mpaka pH irudi kawaida.

Kisha asidi: kilo 2 za asidi ya sitriki kwa lita 100, hatua zilezile. Pima pH kila dakika 10. Ikipanda kwa 0.5, asidi inaliwa na chokaa, ongeza. Ikitulia, chokaa imekwisha.

Alkali na asidi zisikutane ndani ya mtambo bila kusuuza katikati, na klorini isikaribie asidi hata kidogo, hutoa gesi inayoua. Dawa zilizotumika, zichanganye polepole kwenye tangi la nje mpaka pH iwe kati ya 6 na 9, kisha zipeleke kwenye karo. Usizimwage nyuma ya jiko: katika maweni, unachomwaga leo kinarudi kisimani kwako au kwa jirani.

9. Kufunga wakati wa Masika

Hoteli nyingi za pwani hufunga Aprili na Mei, na membreni huachwa na maji yake. Hapo ute hukua bila kusumbuliwa.

Kwa siku moja au mbili, kusuuza kunatosha. Zaidi ya hapo, osha kwanza, kisha jaza mchanganyiko wa kilo 1 ya sodiamu metabaisalfaiti ya daraja la chakula kwa lita 100 za maji matamu, toa hewa yote, funga vali zote. Maelekezo ya kubadilisha kila siku 30 ni ya sehemu zenye baridi. Kwa joto la zaidi ya nyuzi 27, badilisha kila siku 15, au mara tu pH ikishuka mpaka 3. Mwachie mlinzi au fundi wa zamu karatasi za kupimia pH na tarehe ukutani. Mchanga nao uoshwe na tangi likaushwe.

Siku ya kufungua, vuta maji ya kisima na kumwaga mpaka yawe safi, osha mchanga, weka filta mpya, suuza membreni kwa presha ndogo kwa saa nzima, ndipo upandishe presha taratibu. Maji matamu ya saa ya kwanza yamwage, kisha andika namba za siku hiyo kwenye ukurasa mpya wa daftari.